Waliokufa Igandu nao wapewe mahali pa kukumbukwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi wakazi wa Dodoma tumelinyamazia muda mrefu, kiasi kwamba vijana wengi waliozaliwa na kukulia hapa hawajui kama liliwahi kutokea. Nalo ni ajali ya treni ya Igandu ya Juni 24, 2002, ambayo iliua watu 281 na kubaki miongoni mwa ajali mbaya zaidi za reli kuwahi kutokea barani Afrika. Ninaloliomba si kubwa. Naomba tuwe na makumbusho madogo, hata yakiwa ya chumba kimoja, ambamo mtu akiingia ataelezwa kilichotokea, waliofikwa na msiba huo ni akina nani, na treni yenyewe ilishindwaje.

Wazo hili nililipata Songea. Nilikuwa huko kwa harusi ya mtoto wa kaka yangu, na wenyeji wetu wakatupeleka katika Makumbusho ya Maji Maji yaliyopo Mahenge, pale pale mjini. Nilitarajia jengo kubwa, kwa kuwa vita vyenyewe vilikuwa vikubwa: vilianza Umatumbi mwaka 1905, vikaenea kusini yote, na katika kuvizima Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula, hata wengi wa waliokufa wakauawa na njaa kuliko bunduki. Nilichokikuta ni eneo ambalo mtu mwenye haraka anaweza kulimaliza kabla chai yake haijapoa. Hata hivyo sikuweza kulimaliza upesi. Katika uwanja ule lipo kaburi la pamoja la mashujaa wa Kingoni, zaidi ya 60, walionyongwa Februari 27, 1906, na kando yake lipo kaburi la Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa siku chache baada ya wenzake. Majina yao yameandikwa, na kila mwaka mwezi Februari watu hukusanyika hapo kuwakumbuka.

Siku hiyo walikuwapo wanafunzi wa shule ya msingi. Mmoja wao alikuwa akipitisha kidole juu ya majina, moja baada ya jingine, akasita, kisha akamgeukia mzee aliyekuwa akituongoza: “Shikamoo babu. Huyu ni wa kwetu?” Mzee alimwitikia, lakini swali hakulijibu papo hapo. Alimuuliza kwanza yeye ni mtoto wa nani, baba yake anatoka kijiji gani, na bibi mzaa baba alizaliwa upande upi, wakaendelea kuulizana hivyo huku sisi wageni tumesahauliwa kabisa na mwalimu akitazama saa. Sikusikia walifikia wapi. Nilichokiona ni mtoto wa darasa la tano au la sita akiutafuta ukoo wake ndani ya tukio la mwaka 1906, jambo ambalo kitabu cha historia hakijawahi kunifanyia mimi.

Upo upande mwingine unaouma zaidi. Waliokufa katika vita vile kwa ujumla hukadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na pengo la zaidi ya watu laki mbili katika makadirio maana yake ni kwamba hakuna aliyewahesabu. Hao sitini na kitu wa Songea tunawajua kwa sababu waliandikwa na wakapewa mahali. Waliokufa kwa njaa vichakani wamebaki tarakimu, tena tarakimu ya kubahatisha. Nasi huku Ugogo tumeonja hali hiyo. Njaa ya Mtunya, iliyowamaliza wazee wetu kati ya mwaka 1917 na 1920 baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka na ng'ombe, mvua nayo ikakataa, imebaki zaidi katika vinywa vya wazee wachache, na kila anayefariki anaondoka na sehemu yake.

Asiyeamini kwamba mahali padogo pana kazi kubwa na akumbuke kwamba ni hapo Songea alipokuja Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, Novemba 1, 2023, akaomba msamaha kwa waliyotendewa watu wetu na akakutana na ukoo wa Songea Mbano, ambao hadi sasa unaulizia fuvu la babu yao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Nimejiuliza mara nyingi: pasingekuwapo uwanja ule, mgeni yule angesimama wapi kuyasema aliyoyasema?

Sasa niingie Igandu. Alfajiri ya siku ile treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam, ikiwa na watu zaidi ya 1,200, ilikuwa ikipanda mwinuko wa kati ya Msagali na Igandu. Breki zilishindwa, treni ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi kwenye mteremko, na ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa ikija nyuma yake katika njia hiyo hiyo moja. Anayeifahamu reli hii inavyotoka bonde la Mto Kinyasungwe pale Gulwe na kupanda hadi Dodoma, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hahitaji kuelezwa sana mabehewa yaliyojaa watu yanaweza kupata mwendo gani yakiachiwa yashuke yenyewe.

Dodoma ya mwaka 2002 haikuwa Dodoma ya leo. Hospitali ya Benjamin Mkapa haikuwapo (mwenye jina hilo ndiye aliyekuwa Rais wakati huo), Chuo Kikuu cha Dodoma hakikuwapo, na sehemu kubwa ya mzigo wa majeruhi iliiangukia hospitali ya mkoa ambayo haikuwa imejengwa kwa ajili ya mamia ya watu kwa siku moja. Miili ambayo haikutambuliwa na ndugu ilizikwa kwa pamoja hapa hapa mjini. Kaburi lina heshima yake na sina la kuliongezea. Ila kaburi halimwelezi mtoto inakuwaje treni irudi nyuma.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema kwamba kinachotakiwa ni mnara. Minara hupendwa kwa kuwa huzinduliwa kwa siku moja, hupigwa picha, na baada ya hapo haimdai mtu mshahara wala umeme. Mimi nataka chumba chenye mtu ndani yake na maelezo ukutani. Nataka niingie nikute mpira halisi wa breki unaounganisha behewa na behewa, na maandishi ya Kiswahili chepesi yanayoeleza kwamba breki za treni hutegemea bomba moja linalotoka kichwa cha treni hadi behewa la mwisho, kwamba bomba hilo likizibwa mahali mabehewa yaliyo nyuma ya kizuizi hayamsikii tena dereva, na kwamba ndiyo sababu fundi hupita kando ya treni akikagua kabla haijaruhusiwa kuondoka. Abiria aliyeyaelewa hayo hatanuna siku akicheleweshwa stesheni kwa ajili ya ukaguzi, pengine ataudai. Ukutani pawe na majina yote yanayoweza kupatikana, pamoja na mahali kila mmoja alikokuwa akienda, maana treni ya Reli ya Kati haikuwa ya watu wa Dodoma peke yao: ilibeba wa Tabora, wa Kigoma, wa Mwanza, wafanyabiashara, wanafunzi, na akina mama wenye watoto migongoni. Na pawe na sauti. Muuguzi aliyekuwa zamu siku ile akiwa na umri wa miaka 40 sasa amevuka 60 na amestaafu. Sauti yake tusipoirekodi sasa hatutaipata kwa njia nyingine yoyote.

Nimelizungumza jambo hili na watu kadhaa, na pingamizi la kwanza huwa ni kwamba tutatonesha vidonda. Nalielewa, lakini waliofiwa hawajasahau. Waliosahau ni sisi ambao hatukufiwa. Pingamizi la pili ni kwamba tutawatisha abiria wakati ambapo Serikali imewekeza fedha nyingi katika reli ya kisasa. Kwa hili natoa mifano ya nyumbani. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yana kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa Agosti 7, 1998, na wageni huiona wakaendelea na shughuli zao. Mwanza, pale Igoma, yapo makaburi na mnara wa waliozama na MV Bukoba Mei 21, 1996, na watu wa Kanda ya Ziwa wanapanda meli hadi leo. Kama kuna kinachotisha abiria, ni kuhisi kwamba anafichwa kitu.

Reli hiyo ya kisasa ndiyo iliyonifanya nione kwamba muda unatukimbia. Tangu treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma ilipozinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, safari iliyokuwa ikichukua usiku kucha imekuwa ya saa chache, na mimi ni mmoja wa wanaoifurahia. Njia mpya nayo ina stesheni Igandu. Abiria wengi hupita hapo wakiangalia simu, na sidhani kwamba wanatenda kosa, kwa sababu hakuna aliyewaambia kitu. Kibao kimoja cha maelezo kwenye jukwaa la stesheni ile kingetosha kwa kuanzia, wakati chumba chenyewe kikiandaliwa mjini.

Mahali pa chumba, kwa maoni yangu, ni stesheni ya zamani ya katikati ya mji, ambako reli iliwasili mwaka 1910 na ambako ndugu wengi wa marehemu wangeshukia au wangepitia. Dodoma tayari tuna makumbusho ya mawe na madini katika Taasisi ya Jiolojia, na watoto wa shule hutoka huko wameelewa miamba iliyo chini ya miguu yao. Sioni kwa nini wasielezwe pia kilichowapata watu juu ya ardhi hiyo hiyo. Nyaraka za reli wanazo Shirika la Reli. Utaalamu wa kuendesha mahali pa namna hii upo katika Shirika la Makumbusho ya Taifa, ambalo ndilo linaloyatunza ya Songea. Wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dodoma wanaweza kutumwa Igandu, Msagali na Gulwe kuzungumza na wazee, na wakapata humo kazi ya maana ya kuandikia tasnifu zao. Halmashauri ya Jiji ikitoa rangi, umeme na mshahara wa mtunzaji mmoja, sidhani kwamba itafilisika.

Juni 24, 2027 itatimia miaka 25. Naomba wahusika watueleze kupitia gazeti lako kama wana mpango wowote kwa ajili ya siku hiyo. Na wasomaji waliohifadhi tiketi, picha au barua zinazohusu safari ile wazitunze vizuri, wasizitupe, hadi apatikane wa kuzipokea.

Msomaji wako,
Kizota, Dodoma