Waandishi wa hadithi za mumiani, pigeni hesabu ya damu

Mhariri,

Hadithi za mumiani zinazogeuza historia ya Uhehe zinazidi kusomwa hapa Iringa, na nyingi zina mwanzo mtamu. Zikifika sehemu ya tatu zinaporomoka, kwa sababu mwandishi amegeuza mambo mengi kwa mkupuo. Hadithi ya namna hii hubeba badiliko moja tu. Chagua siku, geuza tukio moja, mengine yafuate yenyewe.

Siku inayopendwa ni Agosti 17, 1891, Wahehe walipouvunja msafara wa kamanda Mjerumani Emil von Zelewski pale Lugalo na mwenyewe akauawa. Lakini vita ile ilipiganwa asubuhi! Mumiani anayeungua juani hawezi kuwepo Lugalo, awe upande wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, au wa Wajerumani. Mpeleke Kalenga, kwenye ngome iliyoanguka Oktoba 30, 1894, umtumie usiku wa kuamkia siku hiyo. Au mwache atembee mchana: Dracula wa Bram Stoker, katika kitabu cha 1897, hutembea mchana ila nguvu humpungua. Habari ya kuuawa na jua ilikuja na sinema ya Nosferatu, 1922. Tena usiku wa huku ni saa 12 hivi mwaka mzima, haurefuki kama wa Ulaya mwezi Desemba. Na ukungu wa Mufindi je, unamkinga? Amua mapema, kisha usigeuke.

Damu ndiyo hesabu inayosahaulika kabisa. Mtu mzima ana lita 5 hivi. Mwanamume anayechangia damu hutoa mililita 450, akasubiri miezi 3 ndipo atoe tena. Kwa mwaka ni lita 1.8. Mumiani anayekunywa lita moja kila usiku anataka lita 365, yaani wanaume zaidi ya 200 wa kumlisha bila kuwaua. Mumiani kumi wanataka zaidi ya 2,000. Watu hao wanakula nini, nani anawalimia, nani anawalinda wasitoroke? Hapo ndipo utawala mzima wa hadithi unapozaliwa: kodi ya damu, maakida na majumbe wa kuikusanya, vijiji vinavyohamia Usangu usiku kwa usiku. Na kama kila anayeumwa anageuka, na kila mmoja anauma mmoja kwa usiku, usiku wa 20 wamepita milioni na hadithi imekosa wa kuumwa. Kugeuka lazima kuwe kugumu.

Kuna hili pia, zito kuliko yote. Oktoba 2016, watumishi watatu waliokwenda kutafiti udongo waliuawa Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Dodoma, kwa kudhaniwa wanyonya damu. Kwa hiyo tunaomba ukurasa wako wa hadithi uchape juu ya kila sehemu mwaka uliogeuzwa, na hadithi inayomvika umumiani mtafiti, muuguzi au mzimamoto wa leo, katika kijiji kinachojulikana, irudishwe kwa mwandishi abadilishe kazi na jina la kijiji kabla haijachapwa.

Wasomaji wako,
Iringa