Mlenga shabaha wa mbali hushindana na upepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mwenye jicho kali na mkono usiotetemeka hakosi shabaha, hata ikiwa mbali. Kwa mita 100 nakubaliana naye. Zaidi ya hapo, mimi niliyefundisha mgambo hapa Mtwara kwa miaka mingi naona jicho na mkono ni nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi.

Katika fainali ya mashindano ya Bisley, Uingereza, yaliyohamia hapo mwaka 1890 kutoka Wimbledon, mlengaji hulala kifudifudi na kupiga kwa yadi 900 na 1,000 bila darubini juu ya bunduki. Yadi 1,000 ni mita 914. Risasi hutumia takriban sekunde moja na nusu kufika, na muda wote huo inashuka na kusukumwa. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 tu kwa saa, ambao kwa mvuvi wetu ni wa kutandazia tanga bila wasiwasi, huitupa risasi ya milimita 7.62 pembeni kwa zaidi ya mita mbili. Tena upepo hauwi mmoja njia nzima. Ndiyo maana bendera hupangwa uwanjani, na mlengaji mzoefu hutazama pia mazigazi, yale mawimbi ya hewa ya moto yanayoonekana juu ya ardhi: yakitiririka kwenda kushoto, upepo unatoka kulia, yakichemka wima, upepo umetulia au unafuata mstari wa risasi, na hapo asiharakishe kufyatua, kwa kuwa unaweza kugeuka wakati wowote.

Mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Msimu mmoja wa kusi, kwa mita 300, mbele ya wanafunzi wangu, nilipiga risasi tano zikakaa pamoja kiasi cha kufunikwa na kiganja, zote kushoto mwa duara jeusi. Mkono haukuwa na kosa. Nilitazama majani ya mkorosho uliokuwa karibu nami, yaliyotulia kabisa, wala sikuliona vumbi lililokuwa likikimbia katikati ya uwanja.

Ndugu huyo akipenda, na afike kivuko cha Msangamkuu mwezi Julai, atazame bendera ikipepea upande huu huku moshi wa majiko ng'ambo ukipanda wima, kisha aniambie angelenga wapi.

Mkufunzi mstaafu wa mgambo,
Mikindani, Mtwara.