Somo, dereva si mwenye gari

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Somo yangu,

Salamu zikufikie huko Dodoma kwenye vumbi lako. Sisi huku hatujambo, joto tu na mbu wale wale. Mama anakusalimu. Anasema umemsahau, nimemwambia hujamsahau, una kazi nyingi. Nimeshakutetea, sasa piga simu usiniaibishe.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Eti yule mwalimu wa yoga unayekwenda kwake Jumamosi kawaambia muache akili mlangoni pamoja na viatu, nawe ukaudhika mpaka ukataka kudai ada yako. Nilicheka peke yangu dukani, mteja akadhani namcheka yeye. Mtu anakagua hesabu za watu Jumatatu mpaka Ijumaa, halafu aambiwe akili aiache mlangoni! Angeibiwa je?

Ila nilipomaliza kucheka nikaona swali lako zito. Umeuliza, kama hawa watu wa yoga wanaona akili ni mzigo, Mungu katupa ya nini? Mimi nimekutangulia miaka minne tu kwenye haya mambo, tena kilichonipeleka ni mgongo wa kuinamia cherehani, wala si utakatifu. Basi mimina chai kabisa, maana nitakwenda kirefu.

Unamjua yule mzee wa Kihindi ninayenunua kwake bitana na vifungo? Yeye ndiye aliyenifungua macho. Siku hiyo nimesimama mbele ya majora ya kitambaa nusu saa nzima, nashika hili naacha hili, akanitazama, akasema, "Mama, leo umekuja na manasi, budhi umeiacha nyumbani." Nikamuuliza ndiyo nini. Akaagiza chai.

Alichonieleza, na baadaye nikakisoma mwenyewe, ni kwamba kile sisi tunachokiita akili kwa neno moja, falsafa ya kale ya Kihindi iitwayo Sankhya, ambayo yoga imejengwa juu yake, inakigawa mara tatu. Manasi ndiyo inayopokea habari kutoka kwa macho na masikio na kuzigeuza geuza: au hili? au lile? Ahankara ndiyo inayobandika "langu" na "mimi" kwenye kila kitu. Budhi ndiyo inayokata shauri. Ishvarakrishna, aliyeandika beti za Sankhya zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, hakuzunguka alipoanza kuieleza budhi. Kaanza na neno moja ambalo maana yake ni uamuzi. Mzee akaniwekea kwa lugha ya dukani: manasi ni mteja anayepekua majora, ahankara ni yule anayesema "hili langu, msiliguse," budhi ni mkasi. Mkasi ukishapita, umepita.

Nikarudi nyumbani nimenyamaza, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka kile kiwanja. Sijawahi kukusimulia vizuri. Nilikiona, bei ilikuwa ya mtu mwenye shida na fedha nilikuwa nazo. Nikafungua daftari, ukurasa wa kushoto faida, wa kulia hasara. Kila usiku naongeza mstari. Maji yatafika? Barabara itapita? Jirani ana mbwa? Miezi mitatu, somo! Daftari likakaribia kujaa, na kiwanja kikachukuliwa na mtu aliyekiona asubuhi na kulipa jioni. Watu wakaniambia "akili nyingi huondoa maarifa," nami nikaona wananisimanga. Leo naona methali ile imelenga penyewe, ila ningeongeza kwamba akili yangu iliyokuwa nyingi ni ile ya kupekua majora. Mkasi ulikuwa ukutani unapata kutu.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ni dogo. Kiwanja ni udongo. La pili ndilo lililonifanya nikae chini nisome.

Unakumbuka kikao cha nyumba ya marehemu baba. Kaka alitaka tuongeze vyumba viwili uani. Mimi nilikuja na hesabu: saruji, mabati, fundi, kodi ya wapangaji, miaka mingapi mpaka fedha irudi. Hesabu zilikuwa sahihi, na hata ukizikagua wewe leo utazipitisha. Kaka alizungumza kwanza, na mimi muda wote alipokuwa akizungumza sikuwa namsikiliza. Nilikuwa natafuta tundu kwenye sentensi zake, kama mtu anayekagua shati la mtumba kwenye mwanga. Akimaliza moja namjibu kwa tarakimu. Dakika ishirini hivi. Mwisho alinyamaza, akachukua kofia yake juu ya meza, akaivaa taratibu, akamwambia mama "haya," akaondoka. Wajomba walinipongeza. Mmoja alisema huyu mtoto angekuwa wakili.

Miezi minane hakukanyaga.

Mama aliniambia baadaye, tena kwa kupita tu huku anapembua mchele, kwamba vile vyumba kaka hakuvitaka kwa ajili ya wapangaji. Wifi alikuwa anaumwa na alitakiwa awe karibu na hospitali. Kaka aliona aibu kulisema hilo mbele ya wajomba, akasingizia wapangaji. Kwa hiyo nilishinda hoja ambayo mwenyewe hakuwa nayo moyoni.

Sasa neno la yule mjomba ndilo lililonikaa. Budhi kazi yake ni uhakimu, kusikiliza pande zote na kukata. Siku ile yangu ilivua joho la hakimu ikaenda kuajiriwa na ahankara kama wakili. Mteja kasema "lazima nishinde," wakili kamtafutia vifungu. Na ubaya wake ni kwamba kwa ndani hujisikii mtu mwenye kiburi hata kidogo. Unajisikia mtu mwenye akili timamu, na wengine ndio hawaoni.

Kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, kuna mnyororo mmoja nimeunakili kwenye karatasi na kuubandika juu ya cherehani. Mtu akikaa anakiwaza kitu, anashikamana nacho. Kushikamana huzaa tamaa, tamaa huzaa hasira, hasira huzaa upumbazo, upumbazo hupoteza kumbukumbu, kumbukumbu ikipotea budhi huharibika, na budhi ikiharibika mtu ndiyo basi tena. Sisi tumezoea kusema hasira hasara, tukaishia hapo. Hapa wamehesabu vituo vyote vya njiani. Tazama budhi imekaa wapi: karibu na mwisho. Kuharibika kwake hakukuanzia kwake, kulianzia mbali huko juu, kwenye kukiwaza kitu usiku kucha. Wewe ukija kuitibu kwa kufikiri zaidi, umefika msiba umeshakwisha.

Na hicho kituo cha kumbukumbu kilinichoma, somo. Cherehani ninayoshonea, hii ninayoikanyaga kila siku, alininunulia kaka. Aliuza baiskeli yake. Hapa Tanga unajua baiskeli ni nini kwa mtu. Mimi kwenye kile kikao, dakika ishirini zote, sikulikumbuka hilo hata mara moja.

Haya, turudi kwa mwalimu wako. Nadhani alichotaka kusema ni hiki, ila kakisema vibaya. Katika Upanishadi ya Katha, andiko jingine la kale la Kihindu, kuna kijana, Nachiketa, anayemfuata mungu wa kifo, Yama, na kumuuliza maswali. Yama anamjibu kwa mfano wa gari la farasi. Mwili ni gari, hisi ni farasi, manasi ni hatamu, budhi ni dereva. Nafsi ni mwenye gari, amekaa nyuma. Katika mfano huo hasemi dereva ashushwe. Gari lisilo na dereva unalijua mwisho wake, hata daladala zetu zenye dereva tunazipanda kwa dua! Ninachokielewa mimi hapo ni kwamba dereva asijione ndiye mwenye gari. Patanjali naye, mwandishi wa kale wa Kihindi, kwenye sutra zake za yoga, yaani zile sentensi zake fupi fupi, anaitaja hali hiyo kati ya mambo matano yanayomtesa binadamu: kuchanganya anayeona na chombo cha kuonea. Ni kama mtu aliyevaa miwani muda mrefu akadhani miwani ndiyo inayoona.

Kwa Sankhya hili wanalichukulia kwa uzito kuliko tulivyozoea. Kwao budhi nayo ni sehemu ya maumbile kama goti au figo, ila imetengenezwa laini zaidi. Haina nuru yake. Inawaka kwa mwanga wa anayeona, wanayemwita purusha, kama mwezi unavyowaka kwa jua. Ndiyo maana inachoka, inachafuka, inazeeka, inadanganyika kwa sifa za wajomba. Mimi hilo lilinipa nafuu. Nilikuwa nikijua kwamba nikikosea hesabu nimekosea mimi, mzima mzima.

(Najua shangazi yako atauliza kama tumebadili dini. Mwambie swala zangu ziko palepale. Haya nayachukua kama elimu ya jinsi kichwa kinavyofanya kazi, na wanapoanza habari za mtu kufa na kuzaliwa tena mimi nafunga kitabu naenda kupika.)

Kuna jambo moja limeandikwa kama vile kwa ajili yako. Patanjali anasema yoga ni kuyatuliza mawimbi ya fahamu, halafu anayataja, matano: ujuzi sahihi, ujuzi wa makosa, maneno yasiyo na kitu nyuma yake, usingizi na kumbukumbu. Umeona cha kwanza? Ujuzi sahihi! Nao anautaja vizuri kabisa: ulichokiona mwenyewe, ulichokifikia kwa dalili, na ushahidi wa kuaminika. Hiyo si kazi yako hiyo? Umehesabu mifuko ghalani, umelinganisha vitabu, umepata barua ya benki. Anaiheshimu. Lakini bado anaihesabu ni wimbi, kwa sababu hesabu zangu za saruji nazo zilikuwa sahihi, na chini yake kulikuwa na wifi mgonjwa nisiyemwona.

Nami hapo ndipo ninapomuelewa mwalimu wako kwa lugha ya cherehani. Uzi wa juu ukiukaza mno, kitambaa kinajikunja. Ukiulegeza mno, vitanzi vinatokea chini na huvioni mpaka ugeuze nguo. Ila huwezi kuurekebisha mashine ikikimbia. Lazima kwanza uinue mguu, gurudumu lisimame, ndipo ushike ile skrubu na kuigeuza kidogo, robo tu, ujaribu kwenye kipande cha kitambaa kibovu. Kukaa kimya na kuhesabu pumzi ndiko kuinua mguu. Hakuna aliyekwambia uitupe cherehani.

Mimi nafanya hivi, usiige yote. Nikishafunga duka natandika mkeka uani, nakaa dakika kumi. Dakika saba za kwanza ni majora tu: deni la fulani, gauni la harusi, samaki wamepanda bei. Siyafukuzi. Lakini likija jambo linalotaka uamuzi najiuliza nani anayezungumza sasa, mpekuzi, mwenye "langu," au mkasi? Nikiona moyo unadunda na nimeshaandaa jibu la kumnyamazisha mtu, najua ni nani. Mkasi hauna kelele. Ukija, huja kwa sentensi fupi, na mara nyingi ni kitu nilichokuwa nakijua tangu asubuhi.

Sura ya 18 ya Gita inagawa budhi mafungu matatu na nisingekuchosha nayo, ila la kati linanihusu. Budhi ya satwa, yaani iliyo safi na tulivu, inajua la kufanya na la kuacha. Ya tamasi, yaani iliyo nzito, iko gizani na inaona kila kitu kichwa chini miguu juu. Ya rajasi, hii ya watu wenye mbio kama mimi na wewe, inajua la haki na lisilo la haki, la kufanya na la kuacha, ila kwa upande, si kama yalivyo. Kwangu mimi chanzo chake ni haraka.

Kaka nilimpigia mwezi uliopita. Sikuchukua kikokotozi. Nilimwambia tu, "Kaka, ile cherehani yako bado inashona." Akakaa kimya kidogo, akauliza kama mkanda nimeshabadilisha, maana ule wa zamani ulikuwa unateleza. Tukazungumzia mkanda dakika kumi na tano. Juzi kaja, na wifi, kapungua lakini anatembea. Vyumba bado hatujakubaliana. Nimemwambia nataka kimoja kiwe na mlango wa kuelekea uani ili wifi apate upepo, yeye anasema mlango huo utaingiza mvua. Tunabishana vizuri sana.

Amekuja na machungwa ya Muheza, magunia mawili, nyumba nzima inanukia. Nusu gunia nalipeleka Kange kesho alfajiri, lipande basi la Dodoma. Jioni uende kituoni ukalipokee. Juu yake nimeandika jina letu tu, basi kondakta akikuuliza wewe ni mtumaji au mpokeaji, mwambie vyote viwili.

Wako,
Somo