Barua ya wazi kwa mbunge wetu: makato yasiyopigiwa kura

Kwa Mheshimiwa Mbunge wa Taifa, mchaguliwa wa Lubumbashi
Bunge la Taifa, Kinshasa

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni katibu wa kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi hapa Katuba, shule ya serikali inayosimamiwa na kanisa, kama zilivyo nyingi tangu mkataba wa mwaka 1977. Sikuandikii kuomba kazi wala kumtafutia mtoto wangu nafasi. Nakuandikia kuhusu bajeti. Katiba inaitaka serikali iwaletee mswada wa sheria ya fedha kabla tarehe 15 Septemba haijapita, nanyi mnakaa juu yake hadi kikao kifungwe 15 Desemba. Siku hizo huku redio haizimwi.

Tunayoyasikia ni yale yale. Waziri anasoma, makofi yanapigwa akifika kwenye elimu na afya. Mmoja wenu anasimama kusema sehemu ya kijamii imekatwa, mwingine anajibu kwamba imeongezwa, asilimia zinarushwa kutoka benchi hili hadi lile. Mwisho mnapiga kura na kwenda zenu. Mheshimiwa, naona mnagombania mahali ambapo mwizi hakupita. Makato yanayotuumiza hayakupigiwa kura na mtu yeyote. Pesa inaandikwa, inapitishwa, Rais anatia saini, kisha haitoki.

Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini niyaandike kwa ajili ya wazazi watakaoisoma barua hii. Franka ya bajeti hupita milango minne kabla ya kufika kwa mtu. Kwanza wizara inatoa ahadi kwamba itaitumia. Kisha deni linahakikiwa. Kisha amri ya malipo inaandikwa. Ndipo hazina inalipa. Mlango mmoja ukifungwa, hakuna anayelazimika kutangaza kwamba amefuta kitu. Mwaka unaisha, na pesa ya kuendesha shule inakufa ikiwa bado ni ahadi. Wakati huohuo ipo njia ya pembeni, ile ya malipo ya dharura, ambayo inaruka milango na karatasi zinatafutwa baadaye. Wakaguzi wa fedha wa serikali wameipigia kelele, FMI (Shirika la Fedha la Kimataifa) imeipigia kelele. Natamani siku moja niambiwe ni lini sanduku la chaki limewahi kuwa dharura.

Ninapoandika, daftari la kamati liko mezani. Kurasa zake ndizo bajeti ya kweli ya shule yetu. Kuna chaki. Kuna kufuli la choo cha wasichana, ambalo tumelinunua na kulinunua tena. Kuna bati na misumari ya darasa la tatu, mvua za Januari zilipoanza kunyeshea watoto. Kuna karatasi za mitihani, kwa sababu mtoto asiyelipa karatasi anaandikiwa maswali ubaoni, na walio nyuma hawayaoni. Kuna mlinzi. Na kuna mstari unaorudi kila mwezi: "shukrani ya mwalimu wa darasa la pili."

Huyo mwalimu anafundisha, anasahihisha, anaingia darasani kabla ya kengele. Shule inamjua, kanisa linamjua, watoto wanamjua. Orodha ya mishahara ya serikali ndiyo haimjui bado. Ni mmoja wa wale tunaowaita NU, yaani walimu wapya wasioingizwa bado kwenye orodha hiyo, na wapo nchi nzima, tena wengi. Anaishi kwa kile ambacho muuza mkaa na dereva wa pikipiki wa Katuba wanaweza kukitoa, na mwezi ambao hawakuweza, anakuja kufundisha hivyo hivyo. Sijui ni nani Kinshasa anayeweza kumtazama usoni akamwambia kwamba sehemu ya elimu imeongezeka.

Usinielewe vibaya kuhusu elimu ya bure. Rais alipoianzisha Septemba 2019, kifungu cha 43 cha Katiba kilikuwa kimelala tangu 2006. Hapa mtaani kulikuwa na nyumba ambazo kila mwezi wa tisa baba na mama walikaa kuchagua ni mtoto gani aende shule na yupi abaki, na aliyebaki mara nyingi alikuwa msichana. Habari hiyo imekwisha, na anayetaka kuturudisha kwenye minervali, ile karo ya shule, hatanikuta upande wake. Lakini madarasa yalijaa, na pesa ya kuyaendesha haikuwafuata watoto. Mkurugenzi wa shule yetu yuko kati ya moto na maji. Akidai mchango, anasimamishwa kazi kwa kuvunja agizo la elimu ya bure. Asipodai, hana cha kuandikia ubaoni. Ndiyo maana sisi wazazi tunachangishana wenyewe na kuuita mchango wa hiari, naye hataki kuligusa daftari langu. Huwa analisoma kwa mbali, mikono nyuma.

Kwenye afya nitakuwa mfupi. Uzazi bure ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, nasi huku tukafurahi. Mpango wenyewe ni mzuri: mama halipi, serikali inakilipa kituo kwa kila aliyejifungua. Lakini kituo kinachongoja malipo hakiwezi kungojea glavu. Binti wa jirani yangu alipofika kujifungua, mumewe alipewa karatasi: glavu jozi kadhaa, pamba, uzi, javeli ya kuulia vijidudu, sindano. Alizunguka na hiyo karatasi usiku kutafuta famasi iliyo wazi. Simlaumu mkunga aliyeiandika.

Najua jibu litakuwa vita. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Machi serikali ikatangaza kuongeza maradufu mishahara ya askari na polisi, na hapa Katuba sikusikia aliyenung'unika. Vijana wetu wako huko, na wengine wetu tunao ndugu Kivu ambao benki zao zilifungwa. Ila vita visibebeshwe hata mizigo ya watu wengine. Pesa ya uendeshaji ya shule yetu ilikuwa haiji hata kabla Goma haijaanguka.

Januari hiyohiyo ya 2025, Marekani ikasimamisha misaada yake. Katika jimbo letu la Haut-Katanga dawa za ukimwi zilitegemea sana mpango wake wa PEPFAR, na wagonjwa walikaa wiki nzima wakiulizana kama foleni ya mwezi ujao ipo. Makato hayo pia hayakupitia bungeni kwenu. Mtu alitia saini Washington. Nilingoja nisikie mbunge wa kutoka huku akiuliza swali moja tu: katika bajeti yetu, ni mstari gani utakaobeba mzigo ule? Nikikuuliza leo, utaweza kunijibu?

Mji huu unayajua makato tangu zamani. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa fedha za Benki ya Dunia. Waliondoka na malipo ya mkupuo, na familia nyingi zikapoteza pamoja na mshahara ile shule ya kampuni, hospitali ya kampuni na unga wa bukari (ugali) wa kila mwezi. Wazee wa Katuba bado wanalizungumza jambo hilo kwa sauti kali. Lakini hata wao wanakubali kwamba siku ile walijua tarehe, walijua kiasi na walijua nani amesaini. Mimi katika makato ya leo sijui hata mlango wa kubisha.

Wala usituambie hakuna pesa, si sisi wa Lubumbashi. Malori ya shaba yanapita yakielekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana. Mwaka 2024 Kongo ilizalisha zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ya pili duniani nyuma ya Chile. Sheria ya madini ya 2018 imegawa mrabaha: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% miji na sekta za vijijini madini yanakochimbwa, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo Katiba inasema majimbo yabaki na 40% ya mapato ya taifa, yakatwe papo hapo yanapokusanywa. Tangu 2006 tunaipigia hodi hiyo 40%, na kinachorudi kutoka Kinshasa kinarudi wakitaka, kiasi wakitakacho.

Nimewahi kusikia baadhi yenu wakijitetea kwamba Katiba inawafunga mikono, kwamba mbunge hawezi kuongeza matumizi. Ni kweli nusu. Anaweza, akionyesha ni wapi pengine pa kupunguza, na nadhani safari za ujumbe na gharama za ofisi kubwa zingetosha kuanzia. Lakini mimi sikuombi uongeze hata franka moja. Nakuomba uulize zilizokwishapitishwa ziko wapi. Hilo hakuna kifungu kinachokuzuia. Una swali la mdomo pamoja na mjadala, una interpelasheni, yaani kumtaka waziri ajieleze mbele ya bunge, una kamati ya Ecofin, ile ya uchumi na fedha, inayoweza kumwita waziri wa bajeti na wa fedha na kuwakalisha. Kila mwaka Mahakama ya Hesabu inawaletea hesabu kuu za Jamhuri pamoja na maoni yake, nanyi mnapitisha sheria ya kufunga hesabu za mwaka uliopita. Siku hiyo ndiyo ingekuwa siku ya makelele bungeni. Redioni huwa haichukui hata robo ya muda wa siku ya bajeti mpya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kabla hujainua mkono kwa bajeti mpya, dai jedwali la ile iliyotangulia, mstari kwa mstari: kilichopigiwa kura, kilichoandikiwa amri, kilicholipwa, kwa Haut-Katanga peke yake. Uendeshaji wa shule za msingi. Walimu wa NU waliokuwa waingizwe kwenye orodha. Dawa za vituo vya afya. Wakikunyima, kataa kupiga kura, useme wazi mbele ya maikrofoni kwa nini umekataa.

Kikao kikifungwa mtakuwa na likizo ya bunge, na sheria inakutaka uje kwa waliokuchagua. Njoo Katuba na hilo jedwali. Darasa la tatu linakaa watu wengi na bati lake sasa halivuji. Mimi nitaleta daftari, tulinganishe.

Wako kwa heshima,

Katibu wa kamati ya wazazi
Katuba, Lubumbashi