Kipeo kisishushwe kurasani

Mhariri,

Habari za sayansi na afya zinapofika gazetini, kuna kitu kidogo hupotea njiani: kipeo, ile tarakimu inayokaa juu ya kumi. Makala ikihamishwa kutoka programu moja hadi nyingine, kipeo hushuka kikapangana na wenzake. 10⁶, ambayo ni milioni moja, ikasomeka 106. 10⁻⁶, yaani sehemu moja ya milioni, nayo hugeuka 10-6, na msomaji akadhani ni hesabu ya kutoa, akapata nne. Kama kompyuta ya chumba cha habari haiwezi kukiinua, heri iandikwe 10^6, au "milioni" kwa maneno.

Kosa jingine ni letu wasomaji. Tukiona 9 × 10⁻⁷ na 2 × 10⁻⁵, jicho hukimbilia 9. Cha kutazamwa kwanza ni kipeo: hasi 5 ni kubwa kuliko hasi 7, basi 2 × 10⁻⁵ ndiyo kubwa, tena kwa mara 22 hivi. Namba ya mbele huamua vipeo vikilingana tu, nayo sharti ianzie 1 na isifike 10. 35 × 10⁴ igeuzwe kwanza iwe 3.5 × 10⁵.

Ukitaka kujua ni mara ngapi, gawanya namba za mbele, kisha toa vipeo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 Kenya nzima, na 1,208,333 kaunti ya Mombasa, yaani 4.756 × 10⁷ na 1.208 × 10⁶. Kugawanya kunatoa 3.94, vipeo vinabakisha 1, jibu 3.94 × 10¹. Katika kila Wakazi 39 wa nchi, mmoja hivi yuko hapa kwetu.

Kwenye vitu vidogo, mtego ni ile hasi. Unywele una unene wa mita 8 × 10⁻⁵ hivi, na bakteria wa kipindupindu urefu wa kama mita 2 × 10⁻⁶. Hasi 5 kutoa hasi 6 ni 1, si hasi 11. Kwa hiyo ni mara 40. Anayeandika hasi 11 amefanya unywele uwe mdogo kuliko bakteria mara bilioni 25!

Simu nyingi huandika 8E-5. Hiyo E si alama ya kosa, inasimamia "mara kumi kwa kipeo". Ndiyo maana ukibonyeza 8 × 10E-5 umezidisha kumi mara mbili, na jibu litakuja kubwa mara kumi kuliko ulivyokusudia.

Mwalimu wa hisabati,
Kisauni, Mombasa