Fungu la vijiti kumi lifunguliwe na mtoto mwenyewe

Bwana Mhariri,

Vijiti vya kuhesabia vikitajwa, hakosi wa kujibu kwamba darasa la watoto 60 halifundishiki hivyo. Linafundishika. Vikundi 12 vya watoto watano, kila kikundi vijiti 100 vya mwanzi, urefu wa kidole: vijiti 1,200 kwa jumla. Elastiki hukatika upesi, afadhali kamba ya mgomba. Watoto wafunge wenyewe kumikumi, kisha vikundi vibadilishane mafungu na kuhakiki, maana fungu lenye tisa huharibu somo zima. Vizibo vya chupa vibaki vya kuzidisha, mistari mitatu ya vizibo vinne. Havifungiki, na pasipo kufunga mtoto haoni vijiti kumi vikigeuka fungu moja.

Tuchukue 52 – 27. Wengi huandika 35, kwa kuwa wamezoea kutoa ndogo katika kubwa: 2 katika 7. Wakionyeshwa "kukopa" ubaoni, wataiga alama tu. Waweke mbele yao mafungu matano na vijiti viwili, halafu uombe: "Nipeni vijiti saba." Nyamaza. Hesabu moyoni hadi tano, hata mikono ikiwa juu. Anayesema "havitoshi" aulizwe vingine viko wapi, na usimjibie. Fungu likishafunguliwa: "Sasa mafungu ni mangapi? Vijiti vyote vimeongezeka, au ni vilevile?" Swali hili la mwisho ndilo linalorukwa, na ndilo zito, kwa kuwa wengi hudhani 12 iliyoandikwa juu ya 2 imeongeza kitu. ("Mmeelewa?" si swali. Jibu lake ni "ndiyooo" ya darasa zima.)

Lugha nayo inasaidia. "Makumi tano na mbili" ya hapa Bukavu ni mafungu na vijiti vyenyewe, wakati "hamsini" inaificha ile tano. Katika Kifaransa, septante (70) na nonante (90) zetu hazisumbui, ila quatre-vingts (80) inasumbua: mafungu manane yapangwe mawilimawili, waone ishirini mara nne.

Baada ya masomo matatu hivi wachore, mstari kwa fungu na nukta kwa kijiti, ndipo tarakimu peke yake. Kwa 300 – 147 unganisheni vikundi vitatu, vijiti 100 vya kila kimoja viwe fungu kubwa. Likifunguliwa moja kubwa, kisha moja la kumi, yanabaki makubwa 2, ya kumi 9 na vijiti 10, na ile 9 ya ubaoni, iliyoonekana kushuka kutoka mbinguni, inajulikana ilikotoka.

Walimu wa hesabu, shule za msingi,
Kadutu, Bukavu