Mzabibu unazaa Malindi, ila upogolewe

Mhariri,

Watu wengi hapa Malindi husema zabibu ni tunda la Dodoma, kwetu mwambao halizai. Hata mimi niliamini hivyo, nikafika mahali pa kutaka kuukata mti wangu niufanye kuni.

Naishi Muyeye. Mwaka 2021 jirani alinipa pingili ya mzabibu, nikachimba shimo kando ya ukuta mpaka sururu ikagonga jiwe la matumbawe. Nikajaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikasimamisha nguzo nne za mvinje na chanja juu yake. Kisima chetu kina chumvi na kingo za majani zilianza kuungua, basi nikawa naumwagilia maji ya mvua niliyokinga. Mti ukapanda, wajukuu wakawa wanalala mchana kivulini. Miaka miwili, zabibu hata moja sikuiona.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa kaka yangu, aliyewahi kufanya kazi Dodoma. Alitazama chanja akaniuliza, "Shangazi, huu umepogolewa lini?" Haujawahi. Akanieleza kwamba penye baridi kali mzabibu hupukutisha majani wenyewe, ukalala, kisha ukaamka na maua. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, kwa hiyo makasi ndiyo yanayouamsha, na Dodoma huvuna hata mara mbili kwa mwaka. Katikati ya Novemba tukakata, kila tawi tukaliachia macho mawili matatu. Niliona uchungu kwa kweli, maana pale tulipokata palidondoka maji, tone kwa tone, kama mti unalia. Wiki mbili hivi baadaye macho yalivimba, na kwenye kila chipukizi kikatokeza kitu kidogo mfano wa suke la mtama. Ndicho kichala chenyewe! Tulikula mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaleta ukungu. Kunguru tuliwazuia kwa wavu mkuukuu wa uvuvi.

Linaloniuma ni biashara ya miche. Mwaka jana muuzaji mmoja aliniuzia miche kumi na miwili ya stroberi na miwili ya bluberi, akaniapia kwamba inastahimili joto la pwani. Stroberi zilitambaa tu, ua hazikuweka. Hizo ni za kwenye ubaridi, kama Limuru. Bluberi nayo hutaka udongo wenye asidi, na wetu ni chokaa tupu: majani yaligeuka manjano, mishipa ikabaki kijani, kisha miche ikafa. Kwa pesa ile ningekuwa na forsadi ua mzima. Forsadi unachomeka kijiti tu masika yakianza, nayo inashika. Watoto wanapata matunda, mbuzi wanapata majani.

Nawaomba wauza miche watuambie ukweli, mche umetoka wapi na unafaa wapi. Na mabwana shamba wetu watenge siku moja kila Novemba, waje kwenye mti wa mtu, makasi mkononi, watu waone kwa macho yao.

Mimi vipande nitakavyokata Novemba hii sitavichoma. Nitaviweka kwenye ndoo ya maji kivulini, na jirani yeyote anayetaka abishe hodi achukue, mradi aje siku hiyo hiyo kabla havijanyauka.

Bibi wa Muyeye,
Malindi